Koo Nne za Waliorudi

Enzi zetu mchezo haukuwa na boksi wala bei. Ulianza pale mmoja wetu alipookota kitu chini na kusema, "Tuseme hiki ni mtu," na kabla jua halijapinda sote tulikuwa tumesahau tumetumwa wapi. Waliozaliwa juzi wakisikia hivyo wanatuonea huruma. Wasituonee. Tulicheza mpaka tukafuatwa kwa fimbo kwenda kula.

Nilikulia katika kijiji kimoja upande wa Rungwa. Barabara ilikuwa mistari miwili ya magurudumu, na pori lilianza pale pale lilipoishia shamba la mtama la mama. Harufu ya utoto wangu ni moshi wa kufukuzia nyuki. Wanaume walirudi kutoka mizingani na macho yamevimba, ndoo za masega zimefungwa kwenye baiskeli kwa mpira, na sisi tukiwakimbilia na vibakuli mkononi. Tulitafuna masega hadi taya zikauma. Utamu ukiisha, unabaki na donge la nta mdomoni, unalitema kiganjani, unalifinyanga likiwa bado na joto. Wenzetu wa kwingine walikuwa na udongo wa mfinyanzi, wengine magari ya mabua. Sisi tulikuwa na nta.

Shuleni tulikwenda na fagio na kidumu cha maji, na kengele ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, tukirudi tunapitia furu na ntundwa, matunda ya porini, njiani hadi midomo inabadilika rangi. Na ukimpita mtu mzima bila shikamoo, habari ilifika nyumbani kabla yako. Siku hizi mtoto anakupungia mkono kama unapanda ndege.

Wazazi wetu walikuwa na onyo moja lililozidi mengine yote. Porini, walisema, kuna wenyewe. Hawakuwataja jina, waliwaita tu Wenye Pori. Walikuwa wanachukua watu, hasa watoto, na waliorudi hawakurudi wakiwa wazima. Mama alinikumbusha kila nilipokwenda kuokota kuni: "Ukiitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Hata kama ni sauti yangu."

Nilikuwa darasa la nne Shabani alipopotea.

Shabani alikuwa mtoto wa baba mkubwa, kaka yake baba. Tulipishana miezi michache tu, na hapo kabla hakukuwa na mtoto mwenye maneno kama yeye. Alikuwa akisimulia safari ya kisimani kana kwamba amekwenda Tabora na kurudi. Mwishoni mwa kiangazi, majani yote yamepukutika na ardhi imekuwa kama chungu, baba mkubwa alimchukua kwenda kukagua mizinga. Yule ndege anayewaonyesha watu asali akapita juu yao akipiga kelele. Shabani akamfuata. Baba yake alipogeuka, mtoto hayupo.

Kijiji kizima kiliingia porini. Wanaume walipiga madebe, walipuliza filimbi, waliita hadi sauti zikakauka. Sisi watoto tulifungiwa nyumbani, tukawa tunasikia jina la mwenzetu likizidi kwenda mbali. Siku zilipita, nyingi kuliko mtoto anavyoweza kukaa bila maji, na wanawake wakaanza kumzungumzia mama mkubwa kwa sauti ile ya msibani. Ndipo wafugaji waliokwenda kunywesha ng'ombe kwenye dimbwi la mbali wakamkuta ameketi ukingoni, midomo imepasuka, mguu mmoja hauna ndara. Wakamleta mgongoni.

Tulishangilia siku moja tu. Kwa sababu Shabani alirudi bila maneno. Ukimwita, alikutazama. Ukimuuliza, alitazama chini. Hata kwa mama yake alijibu kwa kichwa. Watu wakaanza kunong'ona kuwa wamemchukua mtoto na kuturudishia sura yake. Shuleni dawati lake likabaki la peke yake. Kisimani wanawake walitaka wachote wao kwanza, ndipo yeye atie kidumu chake. Wanaume waliokuwa wakienda mizingani na baba mkubwa wakawa kila siku wana udhuru: huyu mgongo, yule mgeni. Mwisho baba mkubwa akasema mvua zikikata atampeleka Manyoni kwa shangazi, akakae mbali na pori na mbali na midomo ya watu. Mama mkubwa aliingia ndani, na baadaye akatoka na khanga ameifunga upya.

Mimi nilikatazwa kucheza naye kama wenzangu. Lakini alasiri moja mama alinipa bakuli la uji wa ulezi akasema, "Mpelekee mwana wa baba yako mkubwa." Nikamkumbusha kuwa nimekatazwa. Akasema, "Nani kasema ucheze? Nimesema upeleke uji."

Nilimkuta barazani, ameketi kwenye mkeka. Mbele yake alikuwa amepanga watu wa nta wadogo kama kidole. Baadhi alikuwa amewapaka mkaa, baadhi udongo mwekundu, baadhi amewapachika majani mabichi kichwani. Nilisimama na uji wangu nikishangaa. Nikasahau kwamba hasemi, nikamuuliza kama ninavyomuuliza mtu yeyote, "Hawa ni akina nani?"

Akamsimamisha mmoja aliyekuwa ameanguka. Halafu akasema, kwa sauti iliyokwaruza kama bawaba, "Waliorudi."

Uji ulipoa pale pale.

Alinieleza polepole, neno moja moja. Hawa wote walichukuliwa na Wenye Pori, wakatoroka. Wakifika nyumbani hakuna anayewataka, kwa hiyo wanaishi pamoja, na wamejigawa katika koo nne za majira, kwa sababu kila mmoja alirudi katika majira yake. Wenye majani kichwani ni ukoo wa Masika. Hao wakikutana na hatari wanaimba, wanapanda mbegu, wanamlisha hata adui. Wekundu ni Kiangazi, wana hasira na wanapigana. Weusi ni Kipupwe. Hao wanajificha na kungoja, na hakuna anayejua kukaa kimya kama wao.

"Na hawa?" Nilionyesha watu wachache ambao hakuwapaka chochote, wana rangi ile ile ya manjano ya nta.

"Vuli."

Nikacheka. Mwalimu alitufundisha kitabuni kuwa kuna majira manne, masika, kipupwe, kiangazi na vuli, na sisi tulikuwa tumemgomea kabisa, maana kwetu mvua ni ya mara moja kwa mwaka, ikikata imekata. Vuli hatukuwahi kuiona.

"Ndiyo maana," Shabani akasema. "Ukoo wa Vuli wanangoja majira yao yafike, na hayafiki. Wao wanaelewa lugha ya Wenye Pori."

Alikuwa na punje za mahindi zilizochomwa upande mmoja zikawa nyeusi. Alinipa mtu wa Kiangazi na akawa yeye mwenyewe pori. Aliniambia mahali nilipo na ninachokiona. Mimi nikasema mtu wangu anafanya nini. Kisha nikatupa punje mkekani. Nyeusi zikiwa nyingi, mtu wako amefanikiwa. Nyeupe zikiwa nyingi, pori limeshinda. Siku ile mtu wangu alipigana na kichaka, akapigana na mto, akapigana na kisiki nilichodhani ni Mwenye Pori. Nilirudi nyumbani giza linaingia, na mama akapokea bakuli bila kuuliza. Kesho yake akanituma tena na uji.

Pili ndiye aliyefuata. Alikuwa jirani yetu, binti mwenye meno ya mbele yaliyoachana na mdomo usiojua kuogopa. Alinifuatilia hadi barazani, akasimama mikono kiunoni. "Kumbe ndiyo mnayofanya! Nipeni na mimi mtu." Akachagua Masika kwa sababu ya majani. Kisha akaja Yohana, mtoto wa katekista, ambaye nyumbani kwao hata hadithi za sungura zilitiliwa shaka. Alikaa pembeni ya mkeka, akauliza kama mtu wa Kipupwe anaruhusiwa kusali. Shabani akamwambia anaruhusiwa, ila atupe punje kwanza.

Mvua zikaanza, na hapo ndipo mchezo ulipokolea. Mabati ya baba mkubwa yalipigwa na mvua hadi tukawa tunapigiana kelele. Barazani kulinuka udongo uliolowa na nta, mama mkubwa akitupitishia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, akipita taratibu sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Sasa naelewa. Alikuwa anasikia sauti ya mwanawe. Mkekani Shabani aliongea kama zamani, hata kuliko zamani. Akitoka mkekani, ukimwita jina, kimya kinarudi.

Kila mchezo ulikuwa na njaa, mto uliojaa, ugomvi wa koo. Pili alitaka kuwapikia Wenye Pori waje wale. Mimi nilitaka kuchoma kijiji chao. Yohana alijificha tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho, na mara nyingi yeye ndiye aliyebaki hai. Hakuna kompyuta iliyotuambia umeshinda. Tuligombana, tukapatana, tukala michembe.

Alasiri ninayotaka kuwasimulia, baba mkubwa alikuwa upande wa pili wa ukuta anashona mzinga wa magome. Hakuwa mtu wa kukaa na watoto. Tangu mwanawe arudi alikuwa amekonda, na alimsemesha Shabani huku akitazama pengine.

Watu wetu wa nta walikuwa wamefika kwenye dimbwi. Shabani akasema, kwa sauti ya pori, "Una kiu. Ulimi umekuwa kama gome. Unasikia mtu anakuita jina lako kutoka kwenye miti. Ni sauti ya baba yako. Unafanya nini?"

Ilikuwa zamu yangu. Nikasema mara moja, "Siitiki. Ni Wenye Pori."

"Tupa punje."

Nikatupa. Zote zikalala nyeusi. Nikapiga makofi. "Nimeshinda! Hawajanipata."

Shabani hakupiga makofi. Alizitazama zile punje. "Hujashinda," akasema. "Alikuwa baba kweli."

Pili akauliza, "Nani? Wa kwenye mchezo?"

"Alikuwa baba. Aliita sana. Nilimwona mpaka shati lake. Nikajificha chini ya mzizi nikaziba masikio, kwa sababu niliambiwa nisiitike. Akaita mpaka akalia. Akaondoka." Alifuta pua kwa mkono. "Nikasema wenye ng'ombe ni watu, maana Wenye Pori hawafugi. Ndiyo nikatoka. Lakini nikiitwa sasa, sijui. Nikiitwa naogopa. Sijui ni nani anayeita."

Mvua ilikuwa imekata. Upande wa pili wa ukuta, sauti ya kushona magome ilikuwa imekata pia.

Baba mkubwa alitokeza kwenye kona ameshika sindano yake ya chuma. Sisi watatu tukasimama kwa pamoja tukamwamkia, shikamoo baba, kwa hofu tu. Hakuitikia. Alikuwa akimtazama mwanawe usoni, kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Uliniona?"

Shabani akatikisa kichwa, ndiyo.

"Nilisimama pale penye mzizi?"

Ndiyo.

Yule mtu mzima, ambaye tulidhani haogopi hata nyuki, akaketi chini kwenye mkeka katikati ya watu wetu wa nta, akaponda wawili bila kuona. "Mimi ndiye niliyekufundisha usiitike," akasema. "Mimi. Ulifanya nilivyokwambia. Nilidhani pori limekubadilisha, ukawa hunitaki. Kumbe ulikuwa unanitii mimi."

Yohana alikuwa ameinamisha kichwa, nadhani alisali. Baba mkubwa akajipangusa uso kwa kiganja chenye utomvu, akakohoa, akaita taratibu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole.

"Shabani."

Kimya.

"Shabani, mwanangu. Ni mimi. Nitazame mdomo. Shabani."

"Naam, baba."

Ndani, kitu cha udongo kilianguka kikavunjika. Mama mkubwa alitoka mbio na mwiko mkononi, na mimi, Pili na Yohana tukakumbuka ghafla kuwa tumetumwa majumbani kwetu.

Hakupelekwa Manyoni. Wala msidhani alipona siku hiyo hiyo. Kwa miezi baba yake alipomwita alihakikisha anaonekana kwanza, anazunguka nyumba nzima amkabili ndipo ataje jina. Tulimcheka kwa siri. Sasa nikikumbuka, najua sijaona mzazi mwingine akijisumbua vile. Jioni, mvua ikimzuia shamba, alikuja mkekani akadai mtu wa Vuli, akawa mchezaji mbovu kupita wote, anaiba punje mbele ya macho yetu.

Na kijiji kikaona. Mtu mzima ameketi na mwanawe barazani, wanacheka. Ni vigumu kuendelea kunong'ona mbele ya jambo kama hilo. Wanaume wakaanza kurudi mizingani pamoja naye, mgongo ukapona, wageni wakaondoka. Watoto ndio waliorudi haraka zaidi, kwa tamaa. Kila mmoja alitaka ukoo. Baada ya muda shule nzima iligawanyika: Kiangazi walikalia madawati ya nyuma na kugombana, Masika waliimba hata kwenye hesabu, Kipupwe walikuwa hawanyooshi mikono. Mwalimu aliuliza majira ya mwaka siku moja, darasa likasimama kutetea koo, kukawa na vurugu mpaka akatutoa nje tukapalilie. Ila nilimwona akicheka akiwa ametugeuzia mgongo. Dawati la Shabani lilijaa hadi likakatika mguu.

Leo ninaishi Singida mjini. Mwanangu na wenzake wana mchezo wao wa mezani uliotoka ng'ambo: kitabu kinene cha Kiingereza, dadu za pembe nyingi. Nilipowapelekea chai nikamuuliza unahusu nini. Akaniambia, kwa subira ile wanayotutendea sisi wazee, kuwa ni watu waliotekwa na viumbe wa ajabu wakatoroka, na wamejigawa katika makundi ya majira ya mwaka. "Huwezi kuelewa, mama." Nikaweka chai mezani, nikauliza kama kuna ukoo wa kipupwe. Akanitazama kana kwamba nimeongea Kichina. Nilifurahi, nisiseme uongo. Watoto walio mbali huko nao wamewaza kama Shabani. Ila wa kwangu wanabishana kanuni za kitabu muda mrefu kuliko wanavyocheza, kila mmoja na simu yake pembeni, na ukiwauliza baba wa mwenzao anaitwa nani, hawajui. Siku hizi mtoto hapotei porini, tunamshukuru Mungu. Anapotea sebuleni, mama yake akiwa ameketi kiti cha pili. Na huwezi kumtafuta kwa madebe.

Mwezi uliopita Yohana alimwoza binti yake hapo Manyoni, tukakutana sote wanne. Pili ana wajukuu na mdomo haujapungua. Shabani alikuja na asali, ndoo nzima, kwa basi. Mchana, ilipofika zamu ya kuwausia maharusi, Yohana hakusimama mwenyewe. Alimpa kipaza sauti Shabani, kama wanavyofanya watu wote wa kwetu sasa: posa, msiba, ugomvi wa mpaka wa shamba, anayetangulizwa kusema ni yeye.

Akasema. Alianza na salamu za kila rika, akaingia kwenye habari za bibi harusi alipokuwa mdogo, akapita kwenye bei ya mahindi, akarudi kwenye ndoa, akakumbuka jambo jingine. Vijana wakaanza kutazama saa za simu zao. Mshereheshaji, kijana mwenye miwani ya jua ndani ya ukumbi, alisogea akinong'ona kwamba mzee anakula muda wa kukata keki, akanyoosha mkono akichukue kipaza sauti.

Mimi nilikuwa tayari nimeshaanza kulia, na Yohana naye, mtu na mvi zake, ametoa leso. Pili ndiye aliyesimama. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Wewe kijana, rudi ukakae. Mwache aongee mpaka achoke."